Wimbo Umepokelewa, Fimbo Bado Ni Yako

Mke mwenzangu Salome,

Hivi wewe una miguu au umeiuza? Mvua zimekuja zimekwisha. Alizeti imepandwa, imevunwa, imekamuliwa. Kuku uliyemwacha akiatamia sasa ana wajukuu, na wewe mjukuu wangu hujakanyaga kizingiti changu. Mara ya mwisho ulikuja kumzika mume wetu, babu yako, ukaondoka kabla hatujaanua matanga, simu sikioni, mchanga wa kaburi ungali kwenye viatu. Nikasema ana kazi. Nimewaambia majirani hivyo mpaka neno lenyewe limenikauka mdomoni. Siku hizi nakusikia redioni kuliko ninavyokusikia mlangoni. Watu wakiniuliza, "Bibi, Salome hajambo?" nawajibu, "Hajambo, jana jioni alikuwa anahojiwa." Hiyo ni aibu, mama.

Barua hii anaiandika Mama Eliya, mke wa katekista, kwa sababu mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mbuzi. Mkono ni wake, maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapamba. Sasa hivi ananiambia, "Bibi, punguza ukali kidogo." Andika hivyo hivyo, Mama Eliya. Huyu nimemlea mwenyewe, namjua panapomuuma.

Ulinipigia simu asubuhi ile nikiwa napepeta uwele. Ukasema, "Bibi, wamenifukuza," ukalia, halafu mtandao ukakatika, au uliukata wewe, sijui. Baadaye ukatuma ujumbe, Mama Eliya akanisomea mara mbili ili nielewe. Kwamba vijana wa shirika lenu, wale Wabarbaig na Wahadzabe uliowatafuta wewe mwenyewe vijijini na porini ukawaingiza ofisini, wamesimama mkutanoni wakasema: dada, tunakushukuru, lakini shirika hili linatetea watu wetu, sasa tunaomba aongoze mmoja wetu. Wakamtaja Magreth, yule binti wa wafugaji. Ukaniuliza: ukigombanie kiti, au ufunge mizigo uende zako, uwaachie wakione cha moto?

Tangu siku hiyo natafuta jibu. Kwa simu sitaki, kwenye simu unanikatiza. Kwenye karatasi utaninyamazia mpaka mwisho.

Kwanza nikukumbushe ulikotoka, maana naona unadhani kazi hii ulianzia kwenye semina.

Ulikuwa darasa la nne. Nikakutuma mashineni kusaga uwele, debe kichwani. Mama Gidamis, yule Mbarbaig wa ng'ambo ya korongo aliyekuwa akituletea maziwa, alikuwa amefika kabla ya watu wote, na gauni lake la ngozi na bangili zake za shaba. Lakini kila aliyekuja baada yake alisagiwa, yeye akaambiwa, "Subiri, Mang'ati." Wenyewe hawalipendi jina hilo, maana ni kama kuitwa adui. Nasi sote tulilitumia, hata hapa nyumbani, mpaka siku ile. Ikafika zamu yako. Msagaji akanyoosha mkono achukue debe, wewe ukalikalia.

"Wee mtoto, inuka."

"Huyu mama alinitangulia."

"Huyo hana haraka."

"Na mimi sina."

Wote waliokuwepo walinisimulia, kila mmoja na chumvi yake. Ukakaa juu ya debe kama kuku kwenye mayai, mpaka waliokuwa nyuma yako wakaanza kumfokea msagaji. Hawakumhurumia Mama Gidamis, walihurumia matumbo yao. Msagaji akamsagia. Wewe akakukomoa, akakuweka wa mwisho kabisa, na mafuta ya mashine yakaisha. Ukarudi jua linazama na uwele vilevile ulivyokwenda.

Babu yako akauliza, "Unga uko wapi?"

"Kulikuwa na uonevu, babu."

"Sawa. Sasa huo uonevu nile na mlenda?"

Tukala viazi vitamu, naye akanung'unika mpaka usingizi ukamchukua. Lakini kesho yake alikwenda kwenye pombe akaisimulia habari ile kama yeye ndiye aliyekalia debe. "Mke wangu mdogo yule," alikuwa akisema, "yule hata serikali itamkoma." Alisema hivyo mpaka mwaka aliokufa.

Basi ukasoma, ukaenda chuo, ukarudi na maneno makubwa ambayo mimi siyawezi, ukaanzisha hilo shirika na meza moja na kiti cha kuazima. Leo hapa kwetu mashineni foleni ni foleni, aliyetangulia ametangulia. Zahanati vilevile. Watoto wa wafugaji wanakwenda shule na hakuna anayewazibia pua. Si wewe peke yako uliyefanya hayo, lakini mkono wako umo. Najivunia. Sijakuambia kwa sababu hukukaa kitako nikuambie.

Na nimekuona ulivyochoka. Msibani ulikula umesimama. Ulikuwa unazungumza na mtu, macho yako yako kwa mtu mwingine. Nilikushika mkono, umekuwa mifupa mitupu kama wa bibi kizee, nikaangalia wangu, nikaona wangu una nafuu. Mimi nina magoti mabovu na upepo huu wa Singida unanipitia mifupani, lakini shamba lina jioni. Jua likizama unaweka jembe begani unakwenda nyumbani. Hiyo kazi yenu ya kutetea watu haina jioni. Ukimaliza wa mashineni kuna wa malisho, ukimaliza wa malisho kuna aliyenyang'anywa pori lake la asali. Nani atakuambia jua limezama?

Sasa nisikilize, na usininunie.

Mwezi uliopita ng'ombe wa wafugaji waliingia kwenye alizeti ya Mama Anjelina, wakaifagia. Watu wakashika mapanga. Tukakutafuta wewe, ukamtuma Magreth. Alikuja kwa basi, akateremka njia panda, akatembea kwa miguu, akanisalimia shikamoo akiwa amepiga goti, akaniuliza habari za magoti kabla ya habari za ng'ombe. Kikao kikakaa. Mwenyekiti wetu, unamjua kwa utani wake wa kuchoma, akasema, "Binti, hapa tumezoea kumwona Salome. Wewe utaweza?"

Magreth akasimama polepole. "Mzee, ng'ombe walioila alizeti ni wa baba yangu mdogo. Na mwenye alizeti, binti yake tumekaa naye dawati moja. Nisipoweza kusema mimi hapa, atasema nani?"

Watu wakacheka. Na hapo, Salome, mzee wa wafugaji akasimama. Yule ambaye kila ulipokuja anakaa nyuma ameegemea fimbo, kimya. Alisimama akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba mchungaji alilala, ndiyo, kosa ni lao, na mtamba wa fidia atatoa. Lakini akauliza: njia ya ng'ombe ya kwenda majini mmeilima, je, wapite angani? Mama Anjelina mwenyewe, mwenye hasara, ndiye aliyesema njia ifunguliwe.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeelemewa. Mambo hayo hayo umeyasema wewe mbele yetu miaka yote, kwa Kiswahili kizuri zaidi, na tukakupigia makofi. Lakini ukija wewe wale wazee wananyamaza kwa heshima. Wanakusubiri uwasemee. Wamekusubiri mpaka wakazoea. Alipokuja mtoto wao, walijisemea wenyewe. Hujawakosea kwa hilo. Mzigo ulikuwa mzito nawe ukaubeba. Lakini mwenye mzigo akija kukupokea, unamshangaa nini?

Unakumbuka mwaka ule wa uwele mwingi, ulipoomba kuanzisha wimbo wa kupura? Tulikuwa tumewaalika majirani, pombe iko tayari kwenye mitungi, wanawake wamejipanga safu mbili uwanjani, fimbo zinapanda zinashuka kwa zamu. Ulikuwa umeota maziwa juzi tu, lakini sauti ulikuwa nayo. Tukakupa. Ukaimba vizuri mpaka watu wa njiani wakasimama. Sasa, wewe unajua desturi ya hapa: mwanzishaji wa wimbo haumalizi. Akianza kukauka koo anainua fimbo juu mara moja bila kupiga, wa jirani yake anaudaka wimbo, naye anabaki safuni anaitikia. Wewe hukuinua. Ulinogewa. Sauti ikapasuka, mpigo ukakupotea, safu ya huku ikashusha fimbo pamoja na safu ya kule. Shangazi yako Tabu akapigwa kidole gumba. Akawa anarukaruka uwanja mzima, "Zimeni hiyo redio! Zimeni hiyo redio, betri imekwisha!" Wanawake wakaanguka kwa kicheko. Wimbo ukadakwa na mtu mwingine.

Wewe ukatupa fimbo, ukaenda kukaa nyuma ya ghala, umenuna, unasema hutapura tena maisha yako yote. Nikakufuata. Sikukubembeleza, sijui kubembeleza. Nilikuambia, "Umepokelewa wimbo. Fimbo hakuna aliyekunyang'anya. Uwele bado upo pale, rudi uitikie." Ukarudi na makamasi yako. Na jioni ile sauti yako ndiyo iliyosikika kuliko zote kwenye kuitikia, mpaka Tabu, na kidole chake kimevimba, akasema, "Haya, betri imerudi."

Jibu langu ndilo hilo. Umeniuliza ukigombanie kiti au uondoke. Yote mawili ni kununa nyuma ya ghala. Ukikigombania, wataumizana vidole watu uliowalea. Ukiondoka na kila kitu, utakuwa umesema kwamba uliwapenda maadamu wanakuita kiongozi. Mimi siamini hivyo. Mtoto aliyekalia debe hakuwa na cheo.

Najua utasema nini. Utasema wafadhili wanakujua wewe, Magreth hawamjui, watafunga mkono. Mama, wewe walikujua kutoka wapi? Si ulipelekwa na mtu, ukaingizwa chumbani, akasema huyu ndiye? Mpeleke na wewe. Ingia naye, mtaje jina, halafu ufunge mdomo aseme yeye. Najua kufunga mdomo kutakushinda mwanzoni. Utazoea. Mimi nimeolewa na babu yako miaka yote ile, nilizoea.

Utasema pia atakosea. Atakosea, kwani nani hajakosea. Akikosea uwe karibu wa kumwambia mkiwa wawili, si wa kusema mbele za watu nilijua.

Na moyo wako umeuma, sikatai. Hata mimi moyo uliniuma nilipokusikia unalia, nikaacha ungo, kuku wakala uwele wote nikiwatazama. Nilitaka kuwatukana hao vijana. Nilianza kabisa. Halafu nikakumbuka uso wa yule mzee alipokuwa anauliza habari ya njia ya ng'ombe, na matusi yakaniisha. Walichokisema ni kweli, Salome. Kinauma na ni kweli. Na waliokisema wamejifunza kwako kusema ukweli mbele ya mkubwa. Ungetaka wajifunze halafu wakuruke wewe?

Mimi nimechoka pia, mjukuu wangu. Nimechoka kuwaambia watu una kazi. Nimechoka kulala nikihesabu kama umekula. Kitanda cha babu yako kimekuwa kipana mno, na asubuhi hakuna mtu wa kugombana naye kuhusu chai. Sina haja ya kusikia kwamba umeshinda wala kwamba umeshindwa. Nina haja ya kukuona. Umri huu mtu hapangi mambo ya mwakani.

Mama Eliya anasema karatasi inakwisha, na naona amefuta macho kwa kanga, anadhani sijamwona. Basi. Mungu wa babu zako akupe usingizi, akupe na akili ya kuukubali.

Ukimkabidhi Magreth, njoo. Usimwambie mtu yeyote kwamba unakuja. Ukifika mlangoni nipe shikamoo moja tu, usiniulize habari za kijiji, upite moja kwa moja chumbani ulale. Wakija watu na mashauri yao nitawaambia hujafika, nami nitakaa hapo mlangoni kwenye kigoda changu. Usiamke mpaka nikuite.

Mimi bibi yako,
mke mkubwa wa nyumba hii.