Uso Wangu Haufanani na Foto Yangu

Mpendwa mshauri wa gazeti letu, Mama Euphrasie, naomba msaada, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa karatasi, maana mimi ni mtu mwenye heshima zangu hapa Kindu, fundi wa foto kwa miaka kumi na saba, na bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo kwa sababu kazi yenyewe ndiyo inanisifu, hakuna arusi wala Idi wala mtoto aliyepata diploma mtaani kwetu ambaye hakupita mbele ya kamera yangu.

Kupiga foto si kitu, mama, hata mtoto anaweza kubonyeza, kazi yangu hasa ni retushi, yaani nikishaosha filamu ninailaza negatifu juu ya kioo chenye taa chini yake, ninashika kalamu ya risasi niliyoichonga mpaka ncha imekuwa kama sindano, na kila shimo la usoni, kila kovu, kila kunyanzi ninalijaza kwa vinukta vidogo ambavyo jicho la mtu haliwezi kuviona, na foto ikitoka mwenyewe anajiona hana doa, anafurahi, kesho yake anamleta shemeji yake, na mkono wangu ukikosea ninafuta kwa pamba na tapentini naanza upya, ndiyo maana katika kazi hii sijawahi kuogopa kosa.

Sasa shida yangu ni kwamba Mungu aliyenipa mkono huu alinipa pia chunusi tangu miaka kumi na tano mpaka ishirini na mbili, na zilipoondoka ziliacha mashimo mashavu yote mawili, wenzangu shuleni waliniita Nanasi, na mpaka leo wako wazee wenye mvi wanaoniita Nanasi sokoni mbele ya wateja wangu, nami ninaitika, nifanye nini.

Mwaka jana shemeji yangu Bulaimu, anayenunua mchele upande wa Kibombo, aliniambia kuna mwanamke huko Tunda, fundi cherehani, mtulivu, anaitwa Mwanahamisi, akaniomba foto ampelekee, nami nikajipiga nimevaa abacost yangu ya kijivu, lile koti letu lisilovaliwa na tai, nikaiosha ile filamu, nikailaza juu ya kioo kwa nia ya kutazama tu, mama, kutazama tu, lakini mkono ukashika kalamu, na mpaka magharibi inaingia sikuwa na shimo hata moja, nilikuwa kijana wa ajabu, nikaipeleka.

Naye akajibu, tumeandikiana miezi kumi na moja, na barua zake zina akili na mzaha, si za mtu anayetafuta nguo tu, na yeye pia aliniletea foto, alipigiwa na mpiga foto wa kutembea, imepigwa juani, jicho moja limekunjwa, na juu ya unyusi ana alama ya tetekuwanga ndogo kama punje ya mchele, na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, foto ile niliilaza chini ya lenzi yangu mara nyingi, kalamu ilikuwa pale kando, na sikuwahi kutamani kuigusa alama ile.

Wazee wa pande zote wamekubaliana, anakuja na shangazi yake kwa treni mwisho wa mwezi wa nane, lakini katika barua yake ya mwisho ameandika hivi, ninainakili kama ilivyo: "Foto yako nimeitia katika kioo juu ya cherehani, kila anayekuja kushona anauliza huyu ni nani. Lakini niambie, kweli huna hata alama moja usoni? Yangu umeiona." Ni wiki ya tatu sasa barua hiyo iko mfukoni mwangu na sijajibu.

Katika hali hiyo akaja mtu mmoja kutoka Kinshasa, amepanga chumba karibu na gare ya treni, anajiita Daktari Nestor, ana kisanduku cha sindano na vichupa visivyo na karatasi, anasema ndani ni silikoni, dawa wanayojidunga wacheza filamu wa Ulaya, anaingiza kidogo kidogo chini ya kila shimo na shimo linapanda lenyewe mpaka linalingana na ngozi, akanishika kidevu akanigeuza huku na huku akasema, "Patron, kwako iko kazi ndogo. Siku tatu tu, utakuwa na shavu ya mutoto." Nikamwuliza, "Na dawa ikisha kuingia, inaenda wapi?" Akacheka. "Haiende fasi. Inabakia pale. Njo sababu inaitwa dawa."

Akanionyesha foto mbili za mwanamke mmoja, ya kwanza mashavu yameharibika kuliko yangu, ya pili, anasema ilipigwa miezi mitatu baadaye, mashavu laini kama yai, na ndiye yeye kweli, sikuwa na shaka, hereni zilezile, moja imeinama mbele vilevile, hata uzi uliochomoka katika kola ya blauzi uko palepale, nikasema basi, hii ndiyo kazi yangu, ila huyu anaifanya juu ya mtu mwenyewe.

Nilimwambia dada yangu Hawa, akaweka sufuria chini, akaniuliza, "Yaya," maana ndivyo anavyoniita mimi kaka yake mkubwa, "ule mwanamuke anakuja kuolewa na muntu ao anakuja kuolewa na karatasi?" Nikamwambia anyamaze. Akasema, "Mimi nitanyamaza. Uso yako haitanyamaza siku ile ku gare."

Mama, mimi sitaki kumdanganya Mwanahamisi, ninataka tu foto ile iwe kweli kabla hajashuka, na Nestor ananingoja Jumatatu, sasa niambie wewe uliyesoma vitabu, nikubali sindano au nisikubali, na usiandike jina langu.

Mimi, Mwenye Kalamu, Kindu.

*

Bwana Fundi,

Sikucheka. Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikakasirika tena, na katika hali hiyo ya tatu ndimo ninamokujibu.

Tuanze na Nestor, maana huyo hatuchelewi naye. Umeniandikia kwamba foto mbili zimepishana miezi mitatu. Umeniandikia pia kwamba hereni imeinama vilevile na uzi wa kola uko palepale. Mwanamke gani huyo, aliyekaa miezi mitatu bila kufua blauzi yake, bila kukata uzi, bila kugeuza shingo? Foto zile ni moja, bwana. Ni negatifu moja, iliyotolewa mara mbili: kwanza kama ilivyo, halafu baada ya fundi kama wewe kukaa nayo na kalamu ya risasi. Wewe uliyewazibia watu mashimo kwa miaka kumi na saba umewekewa mbele retushi ya mwenzako, ukaiamini. Mvuvi amenaswa na nyavu. Irudie ile foto, uilaze chini ya lenzi yako, utaziona nyayo za kalamu. Mimi mwalimu wa hesabu nimeziona kwa kusoma barua tu.

Sasa dawa. Nilimwendea daktari ninayemheshimu, sitamtaja, nikamweleza habari ya vichupa visivyo na karatasi. Aliweka kalamu chini. Akasema huko ng'ambo wapo waganga wa kweli wanaojaza makovu ya chunusi kwa dawa inayotolewa katika ngozi ya ng'ombe, na hao kwanza humjaribu mtu mkononi, wakangoja wiki nne waone kama mwili unakataa, na bado dawa yenyewe huyeyuka baada ya miezi, kazi ikaanza upya. Sisemi basi kwamba kila sindano ni uongo, wala sisemi kwamba mtu anayetaka kutengeneza uso wake ni mjinga. Mafuta ya silikoni ni jambo jingine. Hayayeyuki. Yanaweza kuhama, yanaweza kuwa donge gumu, yanaweza kukaa kimya miaka na siku moja shavu likavimba likawa jekundu, na hapo kuyatoa ni kwa kisu, na kisu huacha kovu. Nestor alikuambia inabakia pale. Ndilo neno pekee la kweli alilosema, nawe hukulisikia. Uliniambia hujawahi kuogopa kosa kwa sababu una pamba na tapentini. Nionyeshe tapentini ya kufuta kilichodungwa chini ya ngozi.

Hilo limekwisha. Hukubali sindano. Jumatatu fungua studio kama kawaida.

Lakini sijamalizana nawe.

Umeomba nisiandike jina lako, na sitaliandika. Ila usijidanganye kwamba umejificha. Mafundi wanaochora juu ya negatifu katika mji huu nawajua ni wawili, na yule mwingine ana uso laini kama sahani. Kwa hiyo ninakujua, na wasomaji nusu wamekwisha kukujua, na uso wako wanaujua tangu zamani, na kwa uso huohuo wamekuletea watoto wao kila Idi na kila Noeli kwa miaka kumi na saba. Hakuna aliyegeuka mlangoni akasema, huyu ana mashimo, twende kwingine. Mkono wako ndio uliowaleta, nami ninasema kwa fahari ya mtu wa Kindu: mkono kama ule haupatikani hata Kinshasa.

Ndiyo maana ninaukasirikia. Hebu simama barabarani utazame dirisha lako mwenyewe. Utadhani mji huu haujawahi kuugua surua, haujawahi kulia, haujawahi kubeba mzigo kichwani. Vikongwe wana mashavu ya bibi arusi. Wapakia magunia wa bandarini wana paji la uso la mtoto mchanga. Kila asubuhi redioni tunahubiriwa turudi kwenye uhalisi wetu. Tumevua tai, tumeacha majina ya ubatizo, mimi mwenyewe naandika hili la Euphrasie hapa kwa ubishi. Nawe ukiwa ndani ya abacost yako ya kijivu umekaa unatengeneza mji mzima wa nyuso za kuazima.

Nami nilipita mikononi mwako. Mwaka wa sitini na tisa nilikuja studio kwako kupiga foto. Chini ya mdomo wangu nina kovu, la upande wa kushoto, refu kama kucha. Nililipata nikiwa na miaka kumi na minne, nilipoanguka na baiskeli ya baba yangu kwenye mteremko wa kwenda mtoni, na nilikuwa msichana wa kwanza mtaani kwetu kupanda baiskeli. Walinipigia kelele wanaume, walinipigia kelele wanawake, nikaanguka, nikainuka na damu kifuani, nikapanda tena mbele yao wote. Kovu lile ndiyo diploma yangu ya kwanza. Wewe ulilifuta. Hukuniuliza. Ulinikabidhi foto kwa tabasamu, ukaniambia, "Mama, nimekusafisha."

Nikaipeleka nyumbani kwa marehemu mama yangu. Akaishika mbali, akaishika karibu. Akasema, "Huyu njo nani? Mutoto wangu iko na kovu." Mpaka alipofariki aliiweka foto ile kabatini, wala hakuitundika hata siku moja. Nikaona haya kurudi kwako kudai kovu, nikidhani ni jambo dogo. Barua yako imenifundisha kwamba si dogo.

Basi tuje kwa Mwanahamisi, maana yeye ndiye anayenihuzunisha. Mwanamke huyu ametuma foto iliyopigwa juani, jicho limekunjwa, alama iko wazi juu ya unyusi. Hakuficha. Kisha amekuuliza swali moja, kwa upole, na kwa akili nyingi kuliko zako na zangu. Unafikiri anauliza kwa sababu hajui? Mwanamke anayekaa na sindano na uzi siku nzima anajua nguo iliyotiwa kiraka kwa ufundi. Ameshaona kwamba uso ule ni safi mno. Anakungoja wewe useme, na kila wiki unayokaa kimya ndiyo doa lenyewe, si mashimo yako.

Na jibu la swali lako umeliandika mwenyewe, ukalipita mbio. Ulikaa na foto yake chini ya lenzi, kalamu iko kando, na hukutamani kuigusa alama yake. Kwa nini? Kwa sababu ungeifuta ungebaki na mwanamke mwingine. Basi mpe naye nafasi hiyohiyo uliyojipa. Labda atapenda, labda atakataa. Ana haki zote mbili, na ni afadhali akatae akiwa Tunda kwenye cherehani yake kuliko kwenye gare mbele ya shangazi na mizigo.

Fanya hivi, na ufanye kabla Bulaimu hajaondoka tena kwenda kwenye mchele. Itafute negatifu yako ya abacost ya kijivu. Najua unayo, fundi hatupi. Chukua pamba, chukua tapentini, futa kila nukta uliyoitia. Toa foto upya: abacost ileile, tabasamu lilelile, mashavu yako. Nestor alitoa foto mbili katika negatifu moja ili adanganye. Wewe toa ya pili ili useme kweli. Nyuma yake andika maneno machache tu, usimwandikie kitabu: "Umeniuliza. Hizi ndizo alama zangu, na ile ya kwanza niliichora mwenyewe." Halafu mwambie Hawa kwamba alikuwa na haki, maana dada aliyesema kweli asiachwe na sufuria peke yake.

Na kuanzia leo, kabla hujashika ile kalamu, muulize mtu: mama, baba, hili nilifute au nilibakize? Wengine watakuambia ufute. Futa kwa mkono wako ule mzuri. Wengine watakuambia ubakize, na siku hiyo dirisha lako litaanza kufanana na Kindu.

Ukiwa na ile pamba mkononi, tafuta pia negatifu ya mwaka wa sitini na tisa, ya mwalimu mwenye kola nyeupe. Jumamosi asubuhi nitapita kuchukua kovu langu.

Mama Euphrasie