Upinde Usio na Upote

Kijiji cha Malolo,
Wilaya ya Kilosa,
25 Agosti 1996.

Mpendwa kaka Oswald,

Shikamoo kaka. Mnaendeleaje huko Mwanza? Wifi Jenipher hajambo? Nimesikia Kelvin ameshaanza darasa la kwanza. Mwambie shangazi yake anaisubiri shikamoo yake kwa maandishi, na asiandikiwe na mtu.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama alibanwa na kifua mwezi wa saba lakini ameshapona, na nimejua amepona kwa sababu ameanza tena kunigombeza tangu asubuhi. Baba naye hajambo, isipokuwa ule mkono, nao ndio ulioleta mambo yote ninayotaka kukueleza.

Kabla sijaendelea: huyo aliyekukabidhi barua hii ni Shigela, mtoto mkubwa wa Mzee Ngeleja. Ni wale wafugaji waliohamia jirani yetu wakitokea huko huko uliko wewe. Yaani tumebadilishana, wao wametuletea ng'ombe na sisi tukawapa wewe ukawakatie samaki minofu kiwandani. Amepanda treni Kilosa kuja kusalimia ndugu zake, basi usimwache aondoke bila kula akashiba. Amebeba na kitu kirefu kilichozungushiwa kanga kuukuu ya Mama. Kaka, nakuomba sana, usikifungue kwanza. Najua ulivyo na haraka. Kiweke chini, kaa, usome.

Mwezi wa tatu Baba alianguka na baiskeli akivuka mfereji, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Alifungwa hogo wiki sita. Hogo lilipotolewa, mganga wa zahanati akamwambia ukweli: kijiko utashika, jembe kidogo, lakini tezo hapana. Unajua Baba asivyopenda kuonewa huruma. Alirudi nyumbani, akaifuta ile tezo ya babu ya kuchongea pinde, akaifunga kitambaa na kuitundika kwenye msumari wa juu ya mlango. Akasema chuma hiki ni cha Oswald, kinamngoja mwenyewe, na mtu asikiguse.

Sasa balaa ni kwamba kabla hajaanguka alikuwa ameshampa ahadi Bwana Hezekia. Huyu ana duka la vinyago pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Siku hizi ukipita Mikumi hutaitambua, kila mtu amefungua duka lake, na wazungu wakitoka kuangalia tembo wanasimama kununua. Hezekia alitaka pinde fupi kumi, zile za urefu wa kutoka ardhini hadi kitovuni, zilizochongwa kwa mkono kwa miti ya huku huku, zimfikie kabla Agosti haijaisha. Baba alikuwa amesema ndiyo. Na Baba akishasema ndiyo, unamjua.

Nikamwambia nitazitengeneza mimi. Kaka, alicheka! Alicheka mpaka akakohoa, Mama akatoka jikoni kuangalia kuna nini. "Wewe Teresia? Wewe si mtu wa cherehani?" Nikamwambia cherehani haijanikataza kushika panga. Ukweli ni kwamba miaka yote ile aliyokuwa anakufundisha wewe, mimi nilikuwa nimekaa pale pale nachambua mchicha, na macho yangu hayakuwa kwenye mchicha. Nilikuwa na wivu, kaka. Leo nimekwambia.

Akakubali kwa shingo upande. Panga na kisu nitumie, tezo nisiguse. Akaongeza kwamba upinde wangu hata mmoja hautatoka hapa nyumbani mpaka mtu wa nje auvute kwanza, kama desturi yetu ilivyo. Nilisema sawa, lakini moyoni niliapa nitaifikia ile tezo.

Basi mwezi wa tano, mikole ilipoanza kupukutisha majani, tukaenda naye kule pembeni mwa shamba letu. Yeye ananyooshea kidole, mimi nakata. Tulipata fito kumi na nne, zimenyooka, hazina hata fundo. Kila nilipoangusha mmoja aliniambia nitie alama ndogo ya panga upande wa shinani, ili kichwa cha mti kibaki kichwa cha upinde. Nikatia zote. Nilijiona fundi tayari!

Hapo ndipo nilipoharibu. Kabla ya kuzipandisha darini zikauke niliona zimepishana urefu, nyingine ndefu, nyingine fupi, na wewe fikiria mkono uliozoea pindo za magauni unaweza kuvumilia hali hiyo? Nikachukua msumeno nikazikata ncha zote, huku na huku, zikawa sawasawa kabisa. Nikamwita Baba aje aone usafi wa kazi.

Aliziangalia muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa niambie mama, kichwa kiko wapi?"

Alama zote nilikuwa nimezikata mwenyewe! Vile vipande vyenye alama vilikuwa pale chini, Mama anaviokota kwa ajili ya kuni. Nikamwambia Baba kwani kuna ubaya gani, mti si mti tu? Akasema ukiugeuza utakuvunjikia mkononi, akaingia ndani. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniliza.

Wiki nzima fito zilikaa darini na mimi sina raha. Jioni moja Baba akaniuliza, kama mtu anayeongea na sahani yake, kama nimewahi kuona gogo linavyokaa mtoni. Usiku kucha niligeuza lile neno. Asubuhi nikabeba fito zangu mpaka kwenye mfereji wa mashamba ya vitunguu, nikaziba maji kwa magunia mpaka yakatulia, nikaanza kuulaza mmoja mmoja juu yake.

Kaka, zilizama upande mmoja! Upande wa shinani ni mzito, basi unashuka kidogo, na kichwa kinainuka. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Kumbe siku hiyo ilikuwa zamu ya maji ya Bwana Lupakisyo, na vitunguu vyake vinakauka. Nikamwona anakuja mbio na jembe begani, amevimba kwa hasira. "Wewe dada, maji yangu umeyaziba kwa ajili ya kuogesha kuni?" Nikamwonyesha. Akatazama ufito wa kwanza, akatazama wa pili, jembe likashuka. Dakika chache baadaye alikuwa amepiga magoti kwenye tope anasema hebu lete huo mwingine. Fito kumi na mbili zilisema wazi. Mbili zililala sawa, hazikutaka kusema lolote. Nikamfungulia maji yake, na tangu siku ile kila nikikutana naye ananiuliza kuni zangu zimeshaoga.

Kazi yenyewe ilianza fito zilipokauka, na sitakudanganya, bila tezo ni mateso. Panga kidogo kidogo, kisha kisu, kisha kukwangua kwa kigae cha chupa. Mgongo wa upinde, ule upande uliokuwa chini ya ganda, sikuugusa na chuma, hilo nililikumbuka toka enzi zako. Hezekia alikuwa ametuletea msasa wa dukani, unapatikana tele siku hizi, lakini ulikwaruza vibaya nikarudi kwenye majani ya msasa kama ya babu. Yanalamba mti mpaka unang'aa. Malengelenge niliyopata sijawahi kuyapata hata kwa jembe.

Katika zile mbili zilizonyamaza nilichonga mmoja kwa kubahatisha, maana mimi ni mbishi. Nilipouvuta mara ya kwanza ulilia tap! ukavunjika na kunipiga kidevuni, na alama ninayo mpaka leo. Mama akauchukua ule wa pili akaufanya komeo la mlango wa banda la kuku, akasema huo angalau hautaua mtu.

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita wa kwanza ulikuwa tayari, umewekwa upote, ile kamba ya kuvutia, wa kano za ng'ombe alizotupa Mzee Ngeleja. Huyo huyo ndiye Baba aliyemwita aje auvute, maana si mtu wa nyumba hii na pinde anazijua toka kwao. Sikulala, nakwambia. Nilikaa mbali, najifanya napeta mchele.

Mzee Ngeleja aliugeuza mara mbili, akaupitishia kidole gumba upande wa ndani, akaunusa. Akauvuta taratibu mpaka sikioni, na kaka, ulipinda pande zote mbili sawasawa, haukulia hata kidogo. Akauachia polepole. Akauvuta tena. Mimi ungo ulikuwa umeshanianguka, mchele wote chini kwa kuku.

Akamtazama Baba, uso umejaa furaha. "Mathayo, mbona hukunieleza? Yule kijana wako wa Mwanza amerudi?"

Baba aliangalia chini. Nilijuta kwa nini nilianza mambo haya, nikasema moyoni, heri ungevunjika. Kisha akainua kichwa na kusema, "Oswald hajarudi. Huyo fundi ni Teresia, yule pale anayelisha kuku mchele wetu."

Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikimbilia jikoni, nikalia kwenye kanga ya Mama, na Mama naye akalia huku ananigombeza kuhusu mchele.

Kesho yake, baada ya kutoka kanisani, Baba akapanda kwenye kigoda akaitoa ile tezo. Mkono wa kulia haukuweza kuishika. Akanipa kwa mkono wa kushoto, yeye aliyetuchapa utotoni kwa kupokea kitu kwa kushoto! Akasema, "Nisamehe kwa mkono huu, ndio niliobaki nao." Niliipokea kwa mikono yote miwili nikapiga magoti. Zile zilizobaki nilizimalizia kwa tezo, siku nne tu, vibanzi vinaruka kama mvua ya mawe!

Juzi nilipeleka kumi Mikumi, nikiwa na barua ya ofisi ya kijiji kueleza kwamba si za kuwindia hifadhini. Kwenye basi kondakta aliniuliza dada, vita ni wapi tukupeleke. Hezekia alizipanga zote mlangoni mwa duka na ameomba nyingine ishirini. Wa kumi na moja tumempa Mzee Ngeleja, ndio ule wa kwanza alioupenda. Wa kumi na mbili ndio huo uliozungushiwa kanga. Fungua sasa.

Kaka, usinifikirie vibaya. Tezo ilikuwa yako, na mimi sikuitamani ili wewe uikose. Niliitamani kwa sababu niliipenda kazi. Kama moyo wako unaona vibaya niandikie, nitairudisha pale ilipokuwa, kweli kabisa. Kama moyo wako umeridhika, niandikie neno moja tu, maana bila neno lako nachonga nikiangalia nyuma.

Mama anakusalimu sana, anauliza unakula nini cha maana huko zaidi ya samaki. Upendo, mtoto wa mama mdogo, amejifungua salama mtoto wa kiume. Bwana Lupakisyo anakusalimu bila kukujua. Msalimie wifi, na Kelvin mpige busu la shavu. Mungu awafunike nyote, aibariki mikono yako na visu vya kiwandani visiiguse.

La mwisho. Utaona upinde wako hauna upote, na usidhani nimesahau. Unakumbuka kwamba upote wa mtoto wa kiume hufungwa na baba yake, hapa hapa nyumbani, mwenyewe akiwa amesimama mbele yake. Baba amekuwa akiusokota upote wako kila jioni, kwa mkono wa kushoto na meno, hataki nimsaidie. Jana ameumaliza. Ule msumari wa juu ya mlango, kaka, haukukaa mtupu hata wiki moja. Upote wako ameutundika pale.

Ni mimi mdogo wako, mwenye malengelenge na furaha tele, akupendaye siku zote,

Teresia Mathayo