Sahani Yangu Iko Ofisini kwa Darlene

Jumamosi, Julai 16, 2016. Hopkins.

Joto la leo linanata. Feni inazungusha hewa ileile tangu asubuhi, na mbu wa Minnesota wamepata tundu kwenye wavu wa dirisha. Nina hasira, na sitaki mtu anitulize.

Juzi Alhamisi nilikuta barua chini ya mlango. Imetoka kwa Darlene, meneja wa jengo letu, ambaye kwa miaka mitatu ameniita Zara wakati mimi ni Zuhura. Inasema mkataba wangu wa kupanga ulikuwa uishe mwisho wa Agosti, lakini kwa kuwa sikutoa notisi ya maandishi siku sitini kabla, umejiendeleza wenyewe kwa mwaka mwingine mzima.

Umejiendeleza wenyewe!

Eti ofisi haikupata taarifa yoyote kutoka kwangu. Nilisoma sentensi hiyo nimesimama, viatu sijavua.

Mwezi uliopita nilikwenda kumuaga Darlene kwa miguu yangu, nikiwa nimefunga. Kwetu Tanga mtu hahami kwa barua. Kumwandikia barua mtu unayemwona kila siku ni kumwambia kwamba uso wake umekuchosha, na kumwendea mikono mitupu ni vibaya zaidi. Kwa hiyo nilikaanga sambusa za nyama, nikazipanga kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu, ile aliyonipa mama nilipokuja kusoma huku. Nikamweleza kila kitu. Mama anakuja Septemba. Magoti yake hayapandi ngazi. Mimi niko ghorofa ya tatu na jengo halina lifti. Nimepata nyumba ya chini kule Brooklyn Park, nahama mwisho wa Agosti.

Alikula sambusa tatu mbele ya mtu aliyefunga. Akasema jengo halitakuwa lilelile bila mimi. Akalamba vidole.

Leo hajui chochote. Mtu mzima, ana wajukuu kwenye fremu mezani, lakini neno aliloambiwa usoni kwake si neno mpaka liwe na sahihi. Nimekutana na watu wabaya maishani, ila wengi walikuwa na bidii ya kuwa wabaya. Huyu ni mvivu tu, na uvivu wake unataka kumfungia mama yangu juu ya ngazi thelathini na sita.

Nilipoteremka Alhamisi hiyohiyo kumuuliza, aliniambia bila kuinua kichwa kwamba yeye anafuata karatasi. Sahani yangu ilikuwa pale pale mezani kwake. Ameitia klipu za karatasi na funguo.

Klipu! Sahani ya watu hairudishwi tupu, hilo simtegemei alijue. Lakini kurudisha tu?

Jana nilipiga ile simu ya msaada wa sheria kwa wapangaji. Mama aliyepokea alinieleza polepole kwamba katika jimbo hili kifungu cha kujiendeleza namna hiyo hakina nguvu kama mwenye nyumba hakumkumbusha mpangaji kwa maandishi, kabla siku ya kutoa notisi haijafika. Akaniuliza kama nililetewa barua ya kunikumbusha.

Nikasema hapana. Nilisema haraka, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, na nilikuwa naamini ninachosema.

Basi, akasema, ukiweza kuonyesha hivyo umetoka.

Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Leo mchana nikateremka kwa Mama Furaha, ghorofa ya kwanza, kumwomba awe shahidi wangu. Ni Mkongo kutoka Uvira, aliishi kambini miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na mkataba wake unaisha siku moja na wangu. Kama yeye hakuletewa barua, basi hakuna aliyeletewa.

Mama Furaha hatupi karatasi. Anao mfuko mweusi aliotoka nao kambini, na ndani yake mna kila kitu kilichowahi kupita chini ya mlango wake, mpaka matangazo ya piza. Nimemcheka sana kwa mfuko huo, tena mbele ya watu. Mimi nina digrii mbili.

Aliumwaga wote kwenye zulia, akapiga magoti, akaanza kupekua. Hakuchukua muda. Akanyanyua karatasi nene ya manjano.

"Njo hii, mama. Walitupatiaka sisi wote, chini ya porte, mwezi wa sita. Ya kwako iko wapi?"

Nikaitazama ile rangi, nikaikumbuka.

Yangu iko wapi? Siku ile ya sambusa karatasi za jikoni zilikuwa zimeniishia. Nikaokota ya kwanza iliyokuwa pale mlangoni, nene, ya manjano. Niliona jina la jengo juu, nikadhani ni habari za kukata nyasi. Nikaikunja mara mbili, nikaitandika kwenye sahani inyonye mafuta, kama anavyofanya mama, kama anavyofanya kila mtu kwetu. Kisha nikambebea Darlene barua yake mwenyewe, na yeye akala juu yake.

Mama Furaha alinisoma usoni. Heri angecheka. Badala yake alirudisha karatasi zake mfukoni moja moja, akafunga, akasema, "Mimi sitasema kitu."

Hapo ndipo nilipoona haya. Si kwa Darlene, kwa huyu.

Kwa sababu kweli, nikinyamaza nimeshinda. Darlene hawezi kuonyesha kwamba nilipokea. Jumatatu jioni mwenye nyumba wa Brooklyn Park anataka sahihi yangu, la sivyo anampa mwingine. Asubuhi mama amenipigia kuuliza nyumba ina ngazi ngapi, nikamwambia hakuna hata moja, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Lakini siku tatu nzima nimemtukana mwanamke kwa kusema hakuambiwa alichoambiwa. Sasa nijiandae kuapa kwamba sikuletewa nilicholetewa? Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Bado namdharau, tena sana. Ndiyo maana sitaki kufanana naye.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, nitasimama mbele ya meza yake. Nitamwambia: barua yako ilinifikia, na kuaga kwangu kulikufikia, na vyote viwili vilikuwa kwenye sahani moja. Haya, niangalie usoni uniambie hukusikia.

Akiniambia hivyo, sijui nitafanya nini. Labda nitampandisha mama mgongoni, ngazi thelathini na sita, na kila mara nitapita mbele ya mlango wa ofisi.

Notisi nimeshaiandika. Ukurasa mmoja, tarehe, sahihi, na nakala moja nimempa Mama Furaha aitie kwenye mfuko wake. Klipu nitazimwaga mezani, sahani nitaondoka nayo.

Sambusa hapati.