Kompyuta Iliyorudi Jumatatu

Jumanne, 4 Machi

Kaka kamleta mkewe leo kukatwa kipande cha nyama cha kupimwa kwenye ule uvimbe wa titi. Nimemwandikisha wifi kwa mkono wangu. Kompyuta ikatoa lebo: 412. Nikaibandika kwenye kikopo. Jina haliandikwi, ndiyo sheria ya hapa mapokezi — namba tu, ndiyo mgonjwa huitiwa; majina yanabaki kwenye kompyuta na kwenye daftari letu. Wifi anacheka, ati nimembandika bei kama sabuni dukani. Lakini mikono yake ilikuwa baridi. Majibu wiki mbili. Ana watoto watatu, Mungu wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Kompyuta imeingiwa na virusi. Skrini nyekundu tupu, haigusiki. Foleni hadi mlangoni, watu wamenuna. Nikampigia fundi. Kasema nisiwe na presha — kuna programu aliyoiweka, kila Jumatatu jioni inapiga picha ya diski nzima. Nichague Jumatatu, nibonyeze, diski irudi ilivyokuwa. Je, ya Jumanne na jana? Yatafutika, kasema, utayaingiza upya kutoka kwenye daftari.

Nikabonyeza. Dakika arobaini roho juu juu. Kisha hiyo hapo — nzima, kama hakuna kilichotokea! Nilitaka kuibusu. Nikaanza kuandikisha watu, lebo zinatoka, nabandika. Daftari nitaingiza kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Foleni. Daftari bado.

Jumatatu, 17 Machi

Bahasha ya maabara kuu imefika. 412 — salama! Hakuna saratani! Sikumsubiri daktari, wala kompyuta sikuifungua. Ya nini? Namba ya wifi naijua kama ya simu yangu. Nikampigia palepale. Kapiga vigelegele mpaka sikio likaziba. Kaka kachukua simu, analia tu. Najua, najua — majibu hutolewa na daktari. Lakini ni wifi yangu, jamani!

Jumanne, 18 Machi

Siamini. Siamini!

Bahasha nyingine. 412. Saratani.

Nikadhani wamekosea kuandika. Nikapiga simu maabara. Yule dada kanijibu kwa ukali kidogo: vikopo vilikuja viwili, vyote 412, havina tarehe, na lebo zimetoka kwenu. Nikafungua kompyuta. 412 — mama mshonaji, yule wa sare za shule, tarehe 6. Wifi hayumo. Hayumo kabisa!

Ndipo nikaelewa. Diski ilirudi Jumatatu, na hesabu ya namba ikarudi nayo. Jumatatu tuliishia 408. Alhamisi ikaanza tena 409, kama vile Jumanne haikuwepo. Na mimi nabandika, nabandika! Ningeingiza lile daftari ningeona. Mjinga mkubwa mimi. Wengine walikuwa wa damu na mkojo, walipata majibu siku ileile. Vipande vya nyama vilikuwa hivyo viwili tu.

Nimemwambia daktari. Kavua miwani, kakaa. Hakunigombeza — afadhali angenigombeza. Kasema waje wote wawili kesho wakatwe upya, na mtu asiambiwe chochote mpaka atakapowaeleza mwenyewe. Nikasema sawa. Habari ya simu niliyopiga jana sikuitaja. 

Jumatano, 19 Machi, saa nne asubuhi

Naandikia chini ya kaunta. Jana nilimwambia wifi aje tu, daktari anataka kumwona. Basi kaja na gauni jipya — na keki! Ya kumshukuru daktari! Nilikuwa na foleni mbele yangu, sikuweza kumvuta pembeni. Kaenda kukaa benchi moja na mama mshonaji.

Wanaongea kama mtu na dada yake. Wifi anamwambia asiogope, hata yeye alikuwa hapati usingizi, halafu akaambiwa hana kitu. Kamshika mkono. Kamkatia kipande cha keki. Mama mshonaji anafuta machozi, ati sasa amepata nguvu.

Nimemwashiria wifi aje. Kanipungia mkono tu, huyo, na meno yote nje.

Mlango wa daktari umefunguka. Katoa kichwa, anaita kwa namba kama kawaida yake: mia nne kumi na mbili.

Wamesimama wote wawili. Wifi anacheka — anamwambia mwenzake, samahani dada, hiyo ni yangu.