Mwiko wa Mama Kwenye Buti

Devo, uko wapi wewe? Kaka Saulo kaharibu. Kaharibu kabisa, na wala hakujua.

Si unalijua lile gari la baba, la mwaka sabini na nane? Buti lilikuwa halikai wazi, shokapu zake zilishakufa. Mama alikuwa analizuia kwa ule mwiko wake mkubwa wa kupikia misibani, akishusha masufuria. Tangu tumzike, baba naye analizuia kwa mwiko uleule.

Leo Saulo kalipeleka gereji Mbalizi, zikafungwa shokapu mpya. Alitaka kumfurahisha mzee.

Baba kafungua buti, likapanda lenyewe. Saulo anacheka, "Baba, umeona?" Mzee kaingiza mkono ndani, anapapasa.

"Mwiko uko wapi, mwanangu?"

Devo, mafundi waliupasua wakachochea moto wa chai!

Baba kauliza tena, taratibu, "Mwiko wa mama yako uko wapi?"

Na chai yenyewe Saulo alikunywa vikombe viwili.

Sasa hivi yuko nyuma ya nyumba, hataki kuongea na mtu. Baba bado yuko palepale kwenye gari, kalishikilia buti kwa mkono, kama vile litaanguka.