Maji ya Kumwogeshea Mtoto

Nyumba ya fundi cherehani,
Nyuma ya soko.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani huko ugenini? Mgongo umepoa? Sisi hatujambo, ila macho yangu yamechoka. Juzi nilishona mkono wa blauzi kinyume, mteja akaondoka anacheka.

Unanijua, kumwamini mtu kwangu ni kazi. Mimba ya binti yangu Kidosho ilipofika miezi mitano, alirudi kutoka kupimwa altrasaundi akanipita mlangoni bila salamu. Mkwe naye kila nikiingia ananyamaza. Nikajua ndoa inavunjika. Nikapekua mkoba wa Kidosho, ndiyo, nilipekua, usinisute, nikakuta karatasi: moyo wa mtoto una kasoro, ajifungulie hospitali kubwa penye madaktari wa moyo.

Nikawaka. Moyo mdogo kuliko kifungo cha shati, wameuonaje? Hao wanatafuta mtu wa kujifunzia! Zahanati iko hapa karibu, mkunga ananijua, atazalia hapa hapa. Kidosho akalia. Akasema, "Mama, kama unamshuku daktari, njoo umshuku mbele yake."

Nikaenda, mkoba wangu nimeukumbatia kifuani. Daktari mwenyewe binti mdogo. Nikauliza mkubwa wake yuko wapi. Hakukasirika. Akaeleza kwamba mishipa miwili mikubwa ya moyo imebadilishana mahali. Tumboni mtoto hadhuriki, lakini akishazaliwa, hata kama amelia na kunyonya vizuri, hewa inampungukia anageuka bluu. Kisha akauliza kama kuna mtoto wa ukoo wetu aliyefariki siku za mwanzo.

Nikamwambia yupo. Wangu wa kwanza, mdogo wangu. Siku ya tatu ulimwogesha wewe, ukiwa na miaka kumi na sita, na midomo ikageuka bluu mikononi mwako.

Sikukutamkia, lakini miaka thelathini na mmoja nimeamini maji yako yalikuwa baridi. Ndiyo maana alipozaliwa Kidosho, kila saa ya kuoga ikifika nilikutuma sokoni. Nadhani ulijua. Ulipohamia mbali, nilishusha pumzi.

Nilimuuliza daktari kuhusu maji. Akasema hawezi kuapa juu ya mtoto ambaye hakumwona, ila maji ya kuoga hayamfanyi hivyo mtoto mzima, na kwa anavyosikia huo ulikuwa moyo. Nilimuuliza mara tatu kwa maneno tofauti, nione kama atajikanyaga. Wapi! Jibu lilikuwa lile lile.

Mjukuu wetu, wa kike, alizaliwa huko huko. Walimtundikia dripu hata sijamwona uso, na siku ya nane wakampasua. Nililia kama mtoto. Sasa ananyonya kwa pupa, na wiki hii anarudi nyumbani. Kovu nimelikagua kwa miwani yangu ya kazini. Mshono safi, sina la kusema.

Nimekukosea sana. Nisamehe, mdogo wangu.

Msalimie shemeji na yule mwanao mkubwa, mvivu wa kuandika. Mungu akufikishe salama, maana nataka uje. Nimemwambia Kidosho mtoto apanguswe tu mpaka kidonda kipone. Wa kwanza kumwogesha kwenye beseni ni wewe. Maji utapasha mwenyewe, nami sitatia hata kidole kuyapima.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na niliyechelewa kukwambia.