Sabuni ya Mkono kwa Mkono

Nikea, Pireo, 11 Januari 1987

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mguu wako unaokusumbua baridi ikiingia, na mbuzi, na yule paka mwizi. Mimi namshukuru Mungu ni mzima, isipokuwa mikono. Habari za mikono nitakueleza.

Najua ulisema nisikanyage mlango wako mpaka nirudi kwa mume, kwa Ignatis. Sijaukanyaga. Barua haina miguu, kwa hiyo usiichane kabla hujaisoma.

Nimepata kazi kwenye saluni ya Bi Marianthi, mtaa wa pili kutoka chumba changu. Kutwa naosha nywele za watu na kuwapaka dawa ya kuzikunja. Dawa ile imenichubua. Vidole vimepasuka kwenye viungo, nikikunja ngumi damu inatoka. Nimenunua krimu za dukani, zile zenye picha ya mwanamke anayecheka. Zinanukia vizuri na hazifanyi kitu. Ndipo nilipokumbuka marhamu yako ya nta, na ile sabuni yako ya kijani ambayo marehemu baba alinyolea ndevu maisha yake yote, akazikwa na uso laini kama wa bwana harusi.

Nikasema, mimi binti wa Evanthia nitashindwaje? Nikachukua mafuta ya zeituni niliyoondoka nayo, yale mapya ya msimu huu. Nikanunua kostiki, yale magadi makali ya kuzibulia mabomba. Nikavitia vyote kwenye sufuria ya alumini, ile aliyotupa mama mkwe siku ya harusi. Mama, ilianza kuchemka bila moto! Povu jeusi, moshi wa kukaba koo. Nilifungua dirisha nikakimbilia kwenye ngazi nikiwa na shumizi tu. Mzee wa chini akapiga kelele, "Wee binti wa Lesbo, unamchoma nani huko juu?" Niliporudi, kitako cha sufuria kilikuwa kimeliwa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kati ya zawadi zote za harusi, hiyo tu ndiyo niliyobaki nayo.

Sasa naomba vipimo. Siombi kurudi, na msamaha siombi, maana kosa sina. Naomba vipimo vya sabuni na vya marhamu.

Binti yako,
Mirsini


Kijijini, kisiwani Lesbo, 2 Februari 1987

Mirsini,

Mimi mzima. Mguu ndio huo huo. Mbuzi mmoja kazaa. Shikamoo yako nimeiona, ila marahaba sikupi.

Usidhani nimelainika. Naandika kwa sababu umenipandisha hasira. Mafuta mapya, mafuta ya kumiminia mkate, wewe unayatilia kostiki! Nani amekufundisha ufisadi huo? Sabuni ni ya mafuta yaliyochacha, yale mashapo ya chini ya mtungi ambayo hata kukaangia hayafai. Hayo ndiyo hushika upesi. Na alumini! Mtu mzima na akili zako! Tumia chuma. Na kostiki ndiyo inayomwagwa ndani ya maji, taratibu, si maji juu ya kostiki, usije ukapofuka halafu watu waseme nimekulaani. Fanyia nje, kwenye roshani. Tumbukiza yai bichi lenye ganda lake: likizama, maji ni hafifu, likielea na kutokeza mgongo kiasi cha sarafu, yametosha. Ndipo uyamimine kwenye mafuta na kukoroga. Koroga upande mmoja, usibadili hata mkono ukifa ganzi, mpaka mwiko uache alama juu yake. Mimina kwenye sanduku lenye kitambaa, kesho yake ukate. Kisha iache ikae arobaini yake, kama mwanamke aliyejifungua, isiguse maji. Hapo ndipo utakaposhindwa. Kungoja hujui. Ungejua kungoja, ungemngoja Ignatis hasira zimwishe.

Marhamu ni rahisi, hata wewe utaiweza. Nta sehemu moja, mafuta sehemu nne, na bakuli likae juu ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Huko ndiko mafuta mazuri yanakostahili kwenda.

Na nikwambie linaloniuma. Asubuhi ile ulipokuja kunisaidia kufua, uliichukua sabuni mkononi mwangu. Nimekukanya tangu hujaota meno: sabuni haipokewi mkono kwa mkono. Huwekwa chini, mwenzio akaiokota, la sivyo ni ugomvi. Ulikuwa na haraka zako, ukaipokonya. Jioni ukaacha mume. Sasa unaniambia kosa huna.

Rudi kwa mumeo, mlango utafunguka siku hiyohiyo.

Mama yako, nifanyeje


Nikea, 24 Februari 1987

Mama,

Shikamoo. Hata usipoitikia nitakuamkia tu, hicho ni kinywa changu.

Hongera kwa mbuzi. Mikono yangu imefunga. Nilipaka marhamu wiki nzima nikilala na soksi mikononi, na leo naweza kushika sindano. Bi Marianthi ameniomba kikopo, nikampa.

Sabuni nimeimimina juzi. Mwenye mgahawa wa pembeni alikuwa na debe la mafuta lililosahaulika ghalani, likinuka kama soksi za baharia, akanishukuru kwa kumwondolea. Yai lilielea. Nilikoroga upande mmoja mpaka bega likaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Nimeimimina kwenye droo ya meza ya kujirembea, na kipande kidogo nimekilamba kujua kama kostiki bado inauma: ulimi ulipigwa shoti nikaruka. Basi nangoja. Utaniona nikingoja.

Sasa kuhusu asubuhi ile. Mama, sabuni ilikuwa sabuni tu. Nitaandika kilichoniondoa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukisema. Mchana wake Ignatis alinipiga kofi pale kwenye duka lake la mikate, kwa sababu ya mikate iliyoungua, mbele ya foleni iliyofika mpaka mlangoni. Niliwatazama watu. Wao wakaitazama mikate. Kisha foleni ikasogea. Kila mtu akachukua mkate wake, akasema asante, akaenda zake. Na wewe ulikuwa kwenye foleni. Uliufunga mkate wako kwenye kitambaa ukaondoka. Jioni nilipokuja kwako na begi, ukaniambia wanaume wa tanuri damu yao ni ya moto.

Tena, kama sabuni ingekuwa na nguvu hizo, ningegombana na aliyenipa. Na wewe, mpaka jioni ile, sikuwa nimegombana hata kidogo. Usiitwishe sabuni mzigo wa mwanaume. Kwa Ignatis sirudi, hata mlango wako uote kutu.

Binti yako, upende usipende,
Mirsini


Nikea, 5 Aprili 1987

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu. Kama ni mguu, pole sana, ukande kwa maji ya moto. Kama ni mimi, basi endelea kununa, mimi naandika.

Dereva wa basi la huko alikuja saluni na mkewe. Anasema Ignatis anatamba mkahawani kwamba Pasaka hii nitarudi, tena kwa magoti, kwa sababu mwanamke mjini hula siku mbili, ya tatu hushinda na njaa. Mwambie nakula kila siku. Jana nimekula pweza.

Sabuni imemaliza arobaini yake. Nimeilamba tena: kimya. Inatoa povu dogo zito kama lile lako. Bi Marianthi ameitupa sabuni ya maji ya saluni, anatumia yangu, na wateja wanatoka hapa wakinusa mikono yao kama watoto. Jumamosi ijayo naweka meza sokoni, kati ya muuza samaki na muuza soksi. Nina sabuni tupu, sabuni ya kamomili, yale maua meupe ya chai, marhamu ya mikono, na mifuko ya majani ya kuogea. Muuza samaki ameshanunua, ndiye mteja wangu wa kwanza. Anasema mkewe amemruhusu kurudi kitandani.

Nimeanza, Mama. Nilitaka uijue habari hii kutoka kwangu.

Nakutumia vipande viwili. Kimoja chako. Cha pili mpe umtakaye. Kama hata sabuni yangu hutaki, muogeshee mbuzi. Na mwambie mleta barua aliweke boksi chini, msije mkagombana.

Mirsini wako


Kijijini, Jumamosi Kuu, 18 Aprili 1987

Mwanangu Mirsini,

Marahaba. Marahaba ya Januari, marahaba ya Februari, na hii ya Aprili.

Mimi mzima, na mguu umenyamaza tangu jua litoke. Kukujibu nilijaribu. Kila asubuhi nilikaa na kalamu nikitaka kukutukana, na kila nikiinamia karatasi naiona ile foleni.

Boksi limefika. Nilimwambia mleta barua aliweke chini, kando ya ukuta, akacheka, nikamwambia aende zake. Umekata ovyo, pembe zimepinda. Na hayo maua uliyobandika juu ni madoido, yataziba bomba. Nimeilamba, haikuwasha. Nikanawa uso nayo, nikakaa uani sikujifuta mpaka ukakauka wenyewe. Haikunivuta ngozi. Umeiweza, mwanangu. Nimefurahi mpaka nikaona haya mbele ya mbuzi.

Sasa kipande cha pili. Alhamisi Kuu wanawake wote walipeleka sinia za mikate ya Pasaka kwenye tanuri la Ignatis, kama kawaida. Foleni ilifika mpaka mlangoni. Mimi sikuwa na sinia. Ignatis aliponiona akaanza maneno yake:

"Bi Evanthia! Pasaka ndiyo hii. Binti yako anakuja kwa meli au kwa magoti?"

Wengine wakacheka, wengine wakatazama sinia zao. Nikamwambia, "Amekuletea zawadi. Kaitengeneza mwenyewe."

"Si niliwaambia?" akawageukia watu, akajipangusa unga, akanyoosha mkono. Nikaitoa sabuni kwenye kitambaa nikamtia kiganjani, mkono kwa mkono, nikavikunja vidole vyake juu yake na kuvishikilia. Mama yake pale kwenye mizani akapiga ishara ya msalaba. Ignatis naye akaelewa, akataka kuiachia, lakini alikuwa ameshaipokea na watu wote wameona.

"Bi Evanthia, unanitafutia ugomvi?"

"Sitafuti, ninao," nikamwambia, na sauti nikaitoa yote. "Tangu siku uliyompiga mwanangu hapo uliposimama. Siku ile nilichukua mkate wangu nikaenda. Mkate wako sitauchukua tena mpaka nakufa."

Nikatoka. Ulisema kama sabuni ingekuwa na nguvu ungegombana na aliyekupa. Haya, yeye nimempa mimi, naye ajaribu bahati yake.

Nyumbani nikaliwasha tanuri la uani, ambalo halijawaka tangu baba yako afe. Mikate imeungua upande mmoja. Nimekula upande mzuri. Jana hakuna aliyekuja, na nilisema basi, nimebaki peke yangu na mbuzi. Leo asubuhi Bi Dukena wa jirani akagonga na sinia yake kichwani, akauliza kama tanuri bado lina moto. Nikamwambia kuni alete mwenyewe. Nyuma yake walikuwapo wawili wengine.

Lile neno la mlango nalifuta. Kwa Ignatis hutarudi. Ukitaka kukaa huko na meza yako na muuza samaki wako, kaa, una baraka zangu. Ila mashapo ya mtungi nimekuwekea, nayo yamechacha vizuri, na bega langu peke yake haliwezi tena kukoroga.

Ukija utakuwa na vumbi la safari. Sabuni itakuwa mezani. Nitaiweka, nitarudi nyuma, nawe utaiokota mwenyewe. Na wewe sitaki kugombana tena.

Mama yako